Uliochachuka au Usiochachuka

Barua ilifika Jumatano asubuhi. Mkuu wa gereza aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara mbili, kisha akaisukuma juu ya meza hadi upande wa mtunza stoo.

"Hii ni yako," alisema.

Mtunza stoo alikuwa sajini, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mwenye funguo kumi na saba kiunoni. Wafungwa wa gereza lile la wanawake walimjua kwa mlio wa funguo hizo kabla hawajamwona uso, na walimwita Afande Stoo. Sabuni, blanketi, unga, vifagio, sindano za kushonea, kila kilichoingia mle ndani kilipita mikononi mwake. Gunia la unga lililopigwa na unyevu alilitambua kwa pua tu, hata kabla halijashushwa kwenye gari. Kazi yake aliijua, na alikuwa hajapata kuchanganyikiwa nayo.

Barua ilitoka kanisani. Mchungaji mzee aliyekuwa akija kila mwezi kwa miaka kumi na tisa alikuwa amestaafu, na Jumapili hiyo, saa tatu asubuhi, angekuja mwingine kuongoza ibada ya Meza ya Bwana. Mstari wa mwisho ulisema: Tunaomba uongozi wa gereza uandae mkate na divai kwa washiriki wapatao arobaini.

"Mkuu, yule mzee alikuwa anatumia mkate gani?"

"Alikuwa anakuja na mkoba wake."

"Na ndani ya mkoba?"

Mkuu alivua miwani. "Afande, mimi si wa dini hiyo. Nilikuwa namsalimia, namkumbusha kofia yake akiisahau, basi. Wewe si Mkristo?"

"Ni Mkristo, mkuu."

"Haya. Umeshanijibu."

Afande Stoo aliichukua barua. Mkristo alikuwa, tena wa kubatizwa na kuimba kwaya. Lakini miaka kumi na mitano ilikuwa imepita tangu aanze kuishi na mume wake, fundi wa mabomba, na ndoa ya kanisani hawajafunga. Wazee wa pande zote mbili walishakubaliana zamani. Kilichobaki kilikuwa kanisa tu, na kila mwaka walisema mwakani. Mwaka mmoja paa liling'oka, mwaka mwingine akazaliwa mtoto, mwingine wakauguza. Kanisani kwao mtu wa namna hiyo haendi mezani. Siku za meza yeye hubaki kwenye benchi, anakunja magoti pembeni ili wengine wapite, kisha anayakunja tena wakirudi.

Na gerezani, Jumapili za mchungaji mzee zamu yake ilikuwa haijapata kuangukia ukumbini. Kwa hiyo alipojaribu kukumbuka mkate wenyewe ukoje, alipata picha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kitu cheupe, chepesi, kilichonata kwenye kaakaa. Ya pili ilikuwa ya kipande cha mraba cha mkate wa kawaida. Ipi aliila yeye, na ipi aliiona kwa watu? Hakujua.

Jioni alimuuliza mama mkwe wake, aliyekuwa sebuleni akipindia shuka. Mama mkwe alikuwa mshiriki wa kanisa la mtaa wa pili na hakukosa meza hata akiwa na homa.

"Mkate usiotiwa hamira," mama mkwe alijibu bila kuinua macho. "Kwani Bwana alikula mkate wa dukani?"

"Lakini mama, kanisani kwenu si mnakata mkate wa dukani?"

Sindano ilisimama. "Ule, mchungaji anaubariki."

"Kwa hiyo hamira haina shida?"

"Shida inayo. Ila ukishabarikiwa haina."

Sauti ya mume ilitoka jikoni, ambako alikuwa amelala chali chini ya sinki. "Kwa hiyo na maji ukiyabariki yanakuwa divai? Mbona mnanunua?"

"Wewe nyamaza huko," mama yake alisema. "Miaka kumi na mitano umeshindwa kumpeleka mwenzio madhabahuni, leo unajua habari za kubariki."

Chini ya sinki spana ikaanza kugonga bomba. Afande Stoo naye aliondoka sebuleni na swali lake, likiwa limekua badala ya kupungua.

Alhamisi mchungaji mpya alipiga simu mwenyewe. Alikuwa safarini, na mtandao ulikuwa unakatika. Afande Stoo alikimbilia dirishani, akapanda juu ya magunia mawili ya unga, akaibana simu sikioni.

"Afande, kuhusu mkate," sauti ilisema, ikazama, ikaibuka, "...ochachuka, halafu divai nayo..." Ikazama tena.

"Mchungaji, umesema uliochachuka au usiochachuka?"

"Ndiyo, afande! Huo huo!"

"Upi, mchungaji?"

Simu ikakatika. Alipiga mara nne, haikupatikana. Akaandika ujumbe, akauhakiki herufi kwa herufi: Mkate uwe uliochachuka au usiochachuka? Na divai pia? Jibu lilikuja alasiri: Sawa kabisa afande, Mungu akubariki.

Alikaa juu ya gunia akayatamka maneno yale mawili kwa sauti, moja baada ya jingine. Uliochachuka. Usiochachuka. Yanatofautiana kwa silabi moja katikati, na silabi yenyewe ndiyo iliyoliwa na mtandao.

Baada ya kazi alikwenda duka kubwa la karibu na kituo cha mabasi. Mkate hakuona tabu, alichukua mmoja mrefu usiokatwa. Kwenye rafu ya vinywaji ndipo alipoganda. Chupa zilikuwa zimepangwa kama wafungwa siku ya kuhesabiwa, na zote kwake zilikuwa na sura moja. Muuzaji alimsogelea.

"Unatafuta kavu au tamu, mama?"

"Divai kavu ndiyo ikoje? Si maji hii?"

"Ni maji, ila ni kavu." Muuzaji naye alionekana kuwa hajawahi kuulizwa. "Ni ya shughuli gani? Harusi?"

Neno lile lilimchoma mahali. "Hapana. Ya kanisani."

Muuzaji alinyoosha mkono juu, akateremsha chupa yenye picha ya mnara wa kengele. "Chukua hii. Watu wengi wa kanisani wananunua hii."

"Kwa ajili ya kanisa?"

"Hilo hawaniambii."

Ijumaa asubuhi alifika getini na mfuko wake. Koplo wa zamu, kijana aliyeipenda kanuni kuliko chai, aliutazama mkate, akaupitisha. Alipoishika chupa aliirudisha mezani taratibu, akijifuta viganja.

"Afande, heshima yako. Kileo hakivuki geti hili."

"Ni cha ibada."

"Kanuni imesema kileo cha aina yoyote. Haikusema isipokuwa cha ibada."

"Koplo, mchungaji mzee amepita nacho hapa kila mwezi!"

"Mimi sikuwahi kumpekua mtumishi wa Mungu." Kisha maana ya maneno yake ilimfikia, na uso wake ukabadilika. "Kwani alikuwa nacho?"

"Sijui! Ndicho ninachotafuta siku tatu hizi."

"Nina miaka sita geti hili," koplo alisema polepole, kama mtu anayehesabu makosa. "Mungu wangu. Mara moja kila mwezi."

Wakaenda kwa mkuu wote wawili. Mkuu alifungua kitabu cha kanuni, akasoma ukurasa, akarudia kuusoma, akakifunga.

"Koplo yuko sahihi. Chupa ibaki getini. Na ibada ifanyike kama barua ilivyoomba."

"Bila divai, mkuu?"

"Nimesema ifanyike. Sijasema bila divai."

"Sasa, mkuu..."

"Afande, wewe ndiye mtunza stoo."

Alitoka ofisini akihisi kichwa kimejaa pamba. Alipita ua wa kufulia, akapita bustani ya mboga, na miguu yake ikampeleka jikoni yenyewe. Kiongozi wa jiko alikuwa mfungwa mmoja mnene, mcheshi, aliyeitwa Mama Chujio. Alifungwa miaka minne kwa kupika pombe haramu, na inasemekana askari waliokwenda kumkamata walimsifu kwanza, kwa jinsi alivyoichuja ikang'aa, ndipo wakamfunga pingu. Alikuwa akikoroga sufuria kwa mwiko mrefu kama kasia.

"Mama Chujio," Afande Stoo alisema, akiona aibu kidogo, "hivi mtu anaweza kupata maji ya zabibu yasiyochachuka kabisa? Ya kunywa?"

Mama Chujio aliacha kukoroga. "Afande, nijibu nikiwa wima au nikae? Maana hakimu alinisomea yangu nikiwa wima."

"Sikutegi. Ni kwa ajili ya ibada."

"Hee! Serikali imenifunga kwa kuchachusha, leo inaniomba nisichachushe. Haya, hiyo nayo ni kazi." Alijifuta mikono kwenye aproni. "Zabibu unazo?"

Alizikumbuka. Stoo namba mbili palikuwa na katoni ya zabibu kavu iliyoletwa na wafadhili kwa ajili ya wagonjwa, na wagonjwa walikuwa wamezikataa, wanasema zinawanasa menoni.

"Basi tumemaliza," Mama Chujio alisema. "Unaziloweka, unazichemsha mpaka zitoe roho, unazichuja kwa kitambaa, unazichemsha tena. Moto ndio unaoua kilevi kabla hakijazaliwa. Ukipika Jumamosi ukatumia Jumapili, hailevyi hata nzi. Ukiiacha mpaka Jumatano, mimi usiniulize."

Pembeni, kwenye meza ya kukandia, palikuwa na msichana wa miaka ishirini na sita, mwembamba, mikono imejaa unga hadi kwenye viwiko. Wenzake walimwita Kimya. Kwa miaka minne aliyokaa mle, siku nzima iliweza kupita bila kusikika akisema zaidi ya "ndiyo afande". Sasa alikuwa ameacha kukanda.

"Afande," alisema. "Hiyo itakuwa haina kilevi?"

"Mama Chujio anasema haina."

"Ya yule mzee ilikuwa nacho."

Afande Stoo aligeuka mzima mzima. Siku tatu amehangaika kujua, kumbe jibu lilikuwa jikoni linakanda unga. "Ulikunywa?"

"Sikunywa. Niliisikia harufu kutoka mstari wa tatu. Nilitoka nje, afande mmoja akaandika kwamba nimevuruga ibada." Alitazama unga. "Mimi siku ile nilikuwa nimelewa, afande. Unajua. Niliacha jiko linawaka, nikalala. Mdogo wangu alikuwa chumba cha ndani. Tangu hapo, hata iwe ya Bwana, ikifika puani namwona yeye."

Afande Stoo alikuwa anajua, kwa kuwa faili alilisoma. Lakini faili lilisema uzembe uliosababisha kifo, halikusema mdogo wangu. Alianza kupanga upya funguo zake.

"Sasa nani atapika mkate?" aliuliza hatimaye, kwa sababu ilibidi aulize kitu.

"Mimi," Kimya alisema.

Wakaanza kubishana mapishi. Hamira walikubaliana isiwemo, lakini chumvi? Mama Chujio alisema mkate bila chumvi ni adhabu, na wao adhabu wanayo tayari. Kimya alidhani unga na maji vinatosha. Mafuta kidogo je, ili usikauke? Hakuna aliyejua. Afande Stoo aliamua chumvi iingie kidogo na mafuta yasiingie, na mara tu alipoamua akaanza kuona kwamba amekosea.

Jumamosi jioni alimweleza mama mkwe yote, akitumaini kusikia neno la kumtuliza.

"Maji ya zabibu ni maji ya zabibu," mama mkwe alisema. "Divai ni divai. Hayo yatakuwa maigizo, mwanangu. Unawapa watu kikombe cha uongo."

"Na yule binti, mama? Asiyeweza hata kuinusa?"

"Huyo apokee mkate tu."

"Kwa nini apokee nusu?"

"Na wewe unayepokea sifuri?" mama mkwe aliuliza. Kisha akaona alichosema, akaanza kutafuta miwani yake, nayo alikuwa ameivaa.

Jumapili Afande Stoo aliingia kazini saa moja. Stoo namba mbili ilinukia zabibu zilizochemka. Juu ya meza ya kupimia aliweka kila kitu, kwani usiku alikuwa ameshindwa kuchagua. Kulikuwa na mkate wa dukani, umevimba vizuri. Kulikuwa na mikate mitatu ya Kimya, bapa, imetobolewa kwa uma, imekauka na kuwa myekundu pembeni na migumu kama kigae. Kulikuwa na jagi la maji ya zabibu lililofunikwa kwa sahani. Rangi yake haikuwa nyekundu kama alivyotarajia. Ilikuwa kahawia, kama chai iliyosahauliwa.

Saa tatu kasoro kumi koplo alimwita getini. Mchungaji alikuwa amefika kwa pikipiki, kijana mwembamba, kofia ngumu bado kichwani. Mkoba wake ulikuwa wazi mezani. Koplo alikuwa ameinua chupa.

"Ya pili wiki hii," koplo alisema kwa huzuni.

"Lakini mzee wetu alikuwa..." mchungaji alianza.

"Najua. Tafadhali usinikumbushe."

Walipokuwa wakivuka ua, Afande Stoo alishindwa kuvumilia. "Mchungaji, ile Alhamisi kwenye simu. Ulisema uliochachuka au usiochachuka?"

"Nilisema wowote! Uwe uliochachuka au usiochachuka, na divai vivyo hivyo, wala msihangaike, na mimi nitakuja na akiba. Hukunisikia?"

Alisimama. Afande Stoo alikuwa hajui acheke au akae chini palepale kwenye kokoto.

Ndani ya stoo mchungaji aliongeza mezani kiboksi cha vimkate vyeupe, vyembamba kama karatasi. Afande Stoo aliviona akashtuka: ndicho kile kilichonata kwenye kaakaa. Au alikuwa amekiona tu kwa mwingine? Hata sasa, kikiwa mbele ya macho yake, hakuwa na hakika.

Mchungaji alinusa jagi. Akalitazama muda mrefu.

"Ni zabibu kweli?"

"Zimetoka kwenye katoni ya zabibu. Na maji. Na moto."

"Nani katengeneza?"

Alimwambia ni nani, na amefungwa kwa kosa gani. Mchungaji alicheka mpaka akashika meza, kisha akaacha kucheka ghafla. "Kanisa letu linatumia divai. Divai hasa. Sasa divai iko getini." Alikuna kidevu. "Chuoni jambo hili tulifundishwa wiki nzima. Mwalimu mmoja alisema hivi, wa pili akasema vile, wakabishana mbele yetu. Halafu kwenye mtihani halikuja."

"Kuna mtu," Afande Stoo alisema. "Sitamtaja. Ikiwa divai, hatakuja. Ikiwa hii, huenda akaja."

Kutoka ukumbini walisikia wimbo wa kwanza umekwisha na wa pili umeanza bila kuongozwa. Wanawake walikuwa wamekaa tangu saa mbili.

"Sijui kama nafanya sawa," mchungaji alisema.

"Mimi sijui tangu Jumatano."

"Basi twende hivyohivyo." Alichukua jagi. Kwenye mikate mkono wake ulielea juu ya wa dukani, ukaenda kwenye vyeupe, ukarudi, na mwishowe ukashika ile migumu. "Hii nani kapika?"

"Wao wenyewe."

Ukumbi ulikuwa ukumbi wa chakula, meza zimesukumwa ukutani. Kwa kuwa ilikuwa zamu yake ya ulinzi, Afande Stoo alisimama mlangoni. Mchungaji alisema maneno yanayosemwa, akainua mkate wa kwanza, akaukunja ili aumege. Haukumegeka. Alikaza mikono, na mkate ukalia kama kijiti kikavu, kipande kimoja kikaruka, kikadunda sakafuni, kikaingia chini ya benchi la mbele.

Mstari mzima uliinama. Kicheko kilianzia nyuma, kikasambaa, hata mchungaji kikamshika. Mwanamke mzee ndiye aliyekiokota, akabaki amekishika kwenye kiganja. Alimtazama mchungaji, akautazama mkate, akatazama sakafu. Akile? Akirudishe? Akifute? Mchungaji naye, kwa sekunde mbili ndefu, alionekana hajui.

"Kula, mama," alisema. "Huo ni wako."

Mzee akala, na vumbi lake.

Wakaanza kupita kwa mistari. Mama Chujio alipofika kwenye kikombe alionja kwa ncha ya ulimi kwanza, kama mtu wa kazi, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, ndipo akakumbuka yuko wapi na akainamisha uso. Kimya alikuwa mstari wa tatu. Afande Stoo alimwona akiinuka, akisimama, akikaa, akiinuka tena. Alipokea mkate wake mwenyewe, akautafuna kwa shida kama wengine. Kikombe kilipomfikia hakukishika. Alikinusa. Foleni ilisimama, mtu wa nyuma akamgonga aliye mbele yake. Mchungaji hakukisogeza kikombe wala hakukiondoa.

Kimya alikunywa. Alijifuta mdomo kwa mkono wa sare, akageuka, akaenda kukaa mahali pasipo pake, katikati ya wanawake wazee. Walisogea tu.

Afande Stoo alijikuta ameng'ang'ania funguo zote kumi na saba kwenye ngumi moja. Alipoinua macho mchungaji alikuwa mbele yake na sahani.

"Na wewe, afande?"

"Mimi niko kazini."

Mchungaji alingoja.

"Hatujafunga ndoa," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi na mume wangu."

"Sijakuuliza ndoa."

"Wengine wameuliza."

Mchungaji aliitazama sahani, akamtazama yeye, na ilikuwa wazi kwamba hata hili mtihani haukuliuliza. Sahani haikurudi nyuma wala haikusogea mbele. Afande Stoo alitikisa kichwa, kidogo sana, na hapohapo alitamani asingetikisa. Mchungaji akamgusa bega, akarudi mbele. Mpaka leo ukimuuliza Afande Stoo, hakuambii kama siku ile alikataa au alikataliwa.

Nyumbani mama mkwe alimngojea mlangoni. "Mlitumia nini hatimaye?"

Alimweleza, mpaka na kipande kilichoingia chini ya benchi. Mama mkwe alisikiliza yote bila kukatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Na yule binti alikunywa?"

"Alikunywa, mama."

Mama mkwe alikaa. "Sijui, mwanangu," alisema mwishowe. "Mimi sijui." Na Afande Stoo, aliyeishi naye miaka kumi na mitano, alikuwa hajawahi kumsikia akisema hivyo kwa jambo lolote la kanisani.

Mume aliuliza swali moja tu. "Mchungaji aliuliza habari zetu?"

"Hakuuliza. Nilimwambia mwenyewe."

"Ah," mume alisema. Akachukua spana, akaanza kulegeza koki ambayo haikuwa na tatizo lolote. Baada ya muda akasema, akiwa bado ameinama, "Jumamosi nina nafasi. Kama unataka twende tukamwone. Sijui huwa wanaanzaje kuuliza, lakini twende."

"Twende," alisema. Hakuwa na hakika kama alichosikia kifuani ni furaha, au ni woga, au ni uchovu wa wiki.

Jumanne saa nne asubuhi, akiwa anapanga sabuni, alisikia mtu akigonga dirisha dogo la stoo. Alikuwa Kimya, mikono safi, bila unga.

"Afande, naomba karatasi. Mbili. Na kalamu."

"Za nini?"

"Namwandikia mama."

Kwa miaka minne jina la Kimya halikuwahi kuonekana kwenye orodha ya barua, si zinazoingia wala zinazotoka. Afande Stoo alifungua droo, akatoa karatasi nne badala ya mbili, akazipitisha dirishani. Kimya aliziweka kwenye kizingiti palepale, akashika kalamu, akainamia. Dakika ikapita. Hakuwa ameandika kitu.

"Afande, naanzaje? Mama mpendwa? Au Mama, tu?" Sauti yake ilipungua. "Yeye ni mama yake na yule pia. Sijui kama anataka nimwite hivyo."

Afande Stoo alitazama sabuni zake, kana kwamba jibu lingekuwa limebandikwa kwenye mojawapo. Halikuwepo.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Andika Mama. Halafu tutaona."

Kimya aliandika neno lile, herufi nne, kubwa, akaliangalia. Kisha akavuta pumzi, akashuka mstari wa pili, na Afande Stoo akarudi kwenye sabuni zake ili asisome.